Figo Zangu na Mkono wa Idrisa

Namshukuru Mola aliyenibakizia pumzi na macho ya kuandika, nami nakuandikia wewe uliyeambiwa juzi kwamba figo zako zimechoka, ukarudi nyumbani ukakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni, hujui uanze na nini. Nami nilikaa hivyo hivyo. Sitakueleza figo zinavyofanya kazi. Hospitali watakuchorea picha. Nitakueleza habari za kiti na sindano na chakula, na habari za mjukuu wangu Idrisa, ambaye katika kiangazi kimoja nilikaribia kumkosesha riziki yake kwa sababu ya adabu zangu.

Mimi ni mwalimu wa chuo, mzaliwa wa Ujiji. Kwa miaka mingi nilisomesha watoto Kurani, na baada ya mke wangu kufariki, binti yetu Zuhura alinileta Louisville niishi naye. Nyumba yake iko Okolona, na kazi yake ni kwenye ghala la vifurushi, zamu ya usiku. Idrisa ni mwanawe wa pekee. Alikuja nchi hii akiwa hajaota meno ya ukubwani, akakulia kwenye besiboli. Yeye ni mrushaji, yaani yule anayesimama peke yake juu ya kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja na kumrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Alipomaliza chuo kikuu hakuna timu ya kulipwa iliyomchukua. Zilibaki siku tatu za maonyesho katika kiangazi kimoja: Louisville, Columbus na Buffalo. Kwenye maonyesho hayo warushaji huitwa mmoja mmoja, kila mmoja akarusha mipira michache mbele ya wasaka vipaji waliokaa nyuma ya wavu, wameshika vifaa vya kupimia kasi. Mama yake alimwambia wazi, "Kiangazi hiki tu, mwanangu. Ikishindikana, unakuja ghalani na mimi." Akakubali.

Ugonjwa wangu ulianza majira ya baridi, kwa viatu. Viatu nilivyovaa jana vilikataa kuingia leo. Kisha nikaanza kujikuna mpaka mgongo ukatoa damu, na chakula chote kikawa na ladha ya chuma. Nilijiambia ni baridi ya huku. Zuhura alinipeleka hospitali theluji ikiwa bado barabarani, tukakaa kwenye chumba cha kusubiri chenye televisheni isiyo na sauti, na mama mmoja akifuma sweta ya mtoto. Alipofika kwenye mkono wa pili wa sweta, tukaitwa. Sikumbuki alichosema daktari mwanzoni. Nakumbuka nilitoka nikamtazama yule mama nikaona sweta imekamilika, nikafurahi kwa ajili ya mtoto nisiyemjua. Ukifika siku hiyo tafuta kitu kama hicho cha kutazama.

Walinipasua mkono wa kushoto wakaunganisha mshipa na mshipa ili mashine ya kusafisha damu ipate pa kuichotea. Mshipa huo unatakiwa ukue kwanza, na dawa ya kuukuza ni kuminya mpira, asubuhi na jioni. Idrisa aliposikia hivyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu niugue.

"Babu, sasa na wewe ni mchezaji. Mkono ndio kazi yetu sote."

Akaninunulia mpira laini wa raba, na jioni tulikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, yeye amefunga barafu begani, mimi naminya. Baada ya wiki kadhaa mshipa ukaanza kunguruma chini ya ngozi. Ukiweka kiganja juu yake unausikia kama paka aliyeshiba. Idrisa aliweka sikio lake pale.

"Haki ya Mungu, Babu, mkono wako una injini nzuri kuliko gari langu."

Basi usiogope mngurumo huo. Ukinguruma, uko salama.

Mashine ikawa siku zangu. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Idrisa alinipeleka baada ya swala ya alfajiri. Viti vimepangwa kama kwa kinyozi, na kila mtu ana blanketi lake, kwa sababu damu ikitoka nje ya mwili inarudi na ubaridi wake. Sindano zinauma, sitakudanganya. Baadaye zinauma kama jambo unalolijua. Mkono wa kushoto huruhusiwi kuusogeza, kwa hiyo nilivuta tasbihi kwa mkono wa kulia na kuswali dhuha kwa ishara. Yule dada anayetuhudumia aligundua, na wakati wa swala akawa anapunguza sauti ya televisheni bila kuombwa. Mema madogo ya namna hiyo utakutana nayo. Yapokee.

Ramadhani ilipofika nikakatazwa kufunga. Nililia, mtu mzima mimi. Nilikuwa nimesomesha ruhusa za mgonjwa maisha yangu yote, lakini nilizijua kwa ajili ya watu wengine.

Kiti cha jirani yangu alikaa mzee mmoja wa Kimarekani, Bwana Earl, fundi magari aliyestaafu. Ndiye aliyenifundisha besiboli, kwenye televisheni ile iliyoning'inia juu yetu. Kiingereza changu ni kidogo na maelezo yake yalikuwa marefu, lakini muda tulikuwa nao.

"Usiufuate mpira," aliniambia. "Utaumia shingo bure. Mtazame mrushaji usoni. Kila kitu kiko pale."

Maonyesho ya Louisville yaliangukia Jumamosi mchana, na mimi nimetoka mashineni asubuhi. Zuhura alitaka nilale. Idrisa alitaka niwepo. "Nimezoea dua yake ikiwa karibu," alimwambia mama yake. Nikaenda, nikakaa jukwaani nimejifunika blanketi kwenye joto ambalo watu wengine walikuwa wanajipepea kwa kofia. Idrisa alipanda kilimani, akarusha, kisha akageuka kunitazama. Akarusha tena, akanitazama tena. Nikampungia mkono, nikidhani namtia moyo. Alipomaliza, wasaka vipaji walikuwa wameshaanza kuzungumza na mtu mwingine.

Jumanne nikamsimulia Bwana Earl. Akatikisa kichwa juu ya mto wake.

"Rafiki yangu, kijana wako alikuwa anakurushia wewe. Mrushaji akitazama jukwaani, hayupo uwanjani. Na wale jamaa wenye vifaa vyao wanaliona hilo kabla hawajasoma kasi."

Nilijua amesema kweli, na maneno yake yalinichoma kuliko sindano zote mbili. Ugonjwa ulikuwa wangu, lakini Idrisa ndiye aliyekuwa anaubeba mpaka juu ya kilima chake.

Katikati ya kiangazi tukaenda Columbus. Kitu kimoja ambacho huenda hujaambiwa: mgonjwa wa mashine anaweza kusafiri. Kituo chako kinazungumza na kituo cha huko, unapewa kiti. Mimi nilipewa kiti cha Jumamosi alasiri, baada ya maonyesho ya asubuhi. Ijumaa tukafikia kwa Bwana Kombo na mkewe Bi Saada, watu wa Tanga, wacha Mungu, ambao walikuwa hawajawahi kupokea mwalimu nyumbani kwao Marekani.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Nilikuwa nimeshakatazwa ndizi, tende, machungwa, maharage, viazi na tui zito. Mwili wetu huu haujui tena pa kuvipeleka, na moyo ndio unaoumia. Nikakuta nini mezani? Ndizi mbichi za nazi, maharage ya nazi, jagi la juisi ya machungwa, na tende kwenye sahani ya kung'aa. Watoto wamekaa wametulia, mikono magotini, wanasubiri mwalimu aanze.

"Mwalimu, karibu, tamka bismillahi," akasema Bwana Kombo.

Ningesema nini? Mama wa watu alikuwa amekuna nazi kwa mkono wake kwa heshima yangu. Nikala. Nilipotaka kunawa, Bwana Kombo akamgeukia mkewe.

"Bi Saada, mwalimu hajala huyu, anatuonea haya. Hebu mwongeze."

Nikaongezwa. Idrisa hakuwepo mezani. Alikuwa uani anapasha misuli na ukanda wake wa raba wa kuvuta. Alipoingia, sahani zilikuwa zimeondolewa, akaniuliza kama nimekula vizuri, nikamjibu alhamdulillahi.

Asubuhi uwanjani miguu yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nilipanda ngazi mbili za jukwaa nikakaa. Vidole vilinichonyota, na moyo ulikuwa unapiga polepole, kama mtu anayebisha hodi na kuondoka. Idrisa alipoitwa nilijikaza nikae wima. Alirusha mpira wa kwanza, wasaka vipaji wakatazamana. Akarusha wa pili, mmoja wao akasogea mbele kwenye kiti chake. Idrisa akageuka kunitazama, kama kawaida yake. Nikanyanyua mkono kumpungia, mkono haukuja. Nikaanguka ubavuni.

Walionishika wanasema aliruka uzio. Alikaa nami kwenye gari la wagonjwa akiwa na viatu vyake vya njumu, glavu imo mkononi, mkono mwingine umeshika mshipa wangu kusikiliza kama bado unanguruma. Kule nyuma jina lake lilisomwa mara ya pili, kisha wakamwita anayefuata.

Madaktari waliniwahi, wakaniweka mashineni, na jioni nikawa mtu. Zuhura akapiga simu kutoka Okolona.

"Baba, umekula nini?"

"Chakula cha watu tu, mwanangu."

"Baba. Umekula nini?"

"Ndizi."

"Na nini?"

"Maharage kidogo. Na tende, kwa ajili ya sunna."

"Tende ngapi?"

"Witiri."

"Witiri ngapi, Baba? Moja nayo ni witiri!"

"Saba," nikasema.

 Kisha nikasikia anacheka na kulia kwa pamoja, na hicho ni kitu ambacho sikuwa nimemsikia akifanya tangu tulipomzika mama yake. Alipotulia, alisema Buffalo siendi, na Idrisa naye pengine asiende, ghalani wanatafuta watu.

Idrisa alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, anang'oa udongo kwenye njumu kwa kucha.

"Mbona hukumwambia tu, Babu?"

"Ningemwambiaje mtu aliyenipikia, Idrisa? Mbele ya watoto wake?"

"Kama ulivyokuwa unaniambia mimi nikikosea kusoma. Hukuwa na haya hata kidogo." Akaiga sauti yangu. "'Hapana. Rudia.'"

Nikacheka, kifua kikauma. Yeye hakucheka. Alisema, "Kila nikirusha nahisi nikigeuka sitakukuta. Sasa kweli nimegeuka, nikakuona unaanguka." Akainuka akaenda dirishani.

Wiki zilizofuata nilikaa kwenye kiti changu nikaufikiria mwili huu. Maisha yangu yote nimewafundisha watu kwamba mwili ni amana, kwamba mwenyewe yupo na ataudai. Na amana hiyo nilikuwa nimeiweka chini ya sahani ya ndizi ili nisionekane mgeni mgumu. Bi Saada maskini alipiga simu kila siku akilia, akisema amemuua mwalimu. Nilimwambia chakula chake kilikuwa kitamu mno na kosa lilikuwa la mdomo wangu, uliofunguka kula na haukufunguka kusema. Nikamwomba Zuhura aniruhusu niende Buffalo mara hii tu. Nikamwambia bila mimi Idrisa atarusha huku akipiga simu nyumbani, na nikiwepo nikaugua tena itakuwa vile vile. Nilichotakiwa ni kuwepo bila kutia hofu. Akaniambia, "Basi jifunze kukataa, Baba." Nikajifunza. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, na Bwana Earl naye akanisaidia kwenye viti: ananipa biskuti za kufikirika, mimi nazikataa. Mwanzoni alisema nakataa kama mtu anayeomba ziada.

Buffalo tulifika Jumamosi, joto la kiangazi limeanza kupungua. Safari hii mashine ilitangulia. Nilipata kiti Lackawanna, mji wa jirani, na maonyesho yalikuwa kesho yake, Jumapili. Wenyeji wetu walikuwa Mama Furaha na watoto wake, Wakongo wa Uvira, Wakristo wazuri sana. Walikuwa jirani zetu Louisville kabla ya kwenda kununua nyumba yao Black Rock, mtaa wa Buffalo, na Mama Furaha analea wazee kwenye nyumba ya matunzo. Alitupokea mlangoni kwa kelele za furaha.

"Mwalimu wangu! Muzee wangu! Ingia, ingia. Bon, kaa hapa kwa kiti ya mukubwa. Leo utakula mupaka ulale."

Na meza ikajaa: sombe, yaani kisamvu chao, iliyoiva kwa mawese, maharage, ndizi, viazi vitamu, na samaki wadogo waliokaushwa, waliotoka mbali kuliko sisi. Watoto wakakaa. Idrisa akakaa, macho yake kwenye sahani yangu, na niliona bega lake la kulia limekakamaa. Mama Furaha akachota mwiko wa sombe akauelekeza kwangu. 

"Hapana, Mama Furaha," nikasema. "Siwezi kula hiki."

Mwiko ukasimama hewani. Watoto wakaacha kutazama simu zao.

"Unakataa chakula yangu?"

"Nakataa. Na maharage nakataa, na ndizi, na viazi. Figo zangu haziviwezi, vitaniua. Nisamehe, lakini ni hapana."

"Njo maana ulikonda hivi? Na hukuniambia kwa telefone, wakati mimi niko napika tangu asubuyi?"

"Niliona haya."

"Aya!" Akaweka mwiko chini, mikono kiunoni. "Sombe hapana, ndizi hapana, maharage hapana. Donc utakula nini, Mwalimu? Upepo?"

"Wali mweupe kidogo. Kabichi kama ipo. Yai."

 Kisha akaanza kucheka, cheko kubwa lililomfanya ashike meza.

"Kabichi! Muzee anatoka Louisville kuja kukula kabichi! Kazini niko na wazee kumi wananidanganya juu ya chakula yao kila siku, na wewe unataka kuwa wa kumi na moja? Bon. Hapa hakuna mutu anakufa kwa meza yangu. Furaha, kuja unikatie kabichi."

Furaha, binti yake mkubwa, akalalamika kwa Kiingereza, mama akamjibu kwa Kiswahili, na kabichi ikakatwa. Ilikuja na yai na wali mweupe, ya moto, ina kitunguu kidogo. Sijala chakula kitamu kama kile Marekani. Nilipoinua kichwa niliona Idrisa amejichotea sombe mlima mzima, anakula kwa mikono miwili, bega limelegea.

"Babu," akasema, mdomo umejaa, "umesema hapana mara ngapi vile?"

"Kula, mtoto wee."

Jumapili kulikuwa na jua na upepo wa kutoka ziwani. Nilipanda jukwaani mwenyewe, ngazi moja baada ya nyingine, nikakaa na Mama Furaha, ambaye alikuwa ametoka kanisani na gauni lake la kitenge na hakuelewa chochote. Nikamwambia asiufuate mpira, amtazame mrushaji usoni. Waliitwa warushaji wengi, vijana warefu wenye mikono kama matawi. Kisha likasomwa jina letu.

Idrisa akapanda kilimani. Alisawazisha udongo kwa kiatu. Akavuta pumzi, akainua goti, akarusha. Glavu ya mdakaji ililia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na wale wanaume nyuma ya wavu wakainamia vifaa vyao wote kwa mara moja. Nilikuwa nimeshanyanyua mkono, tayari kumpungia akigeuka.

Akaupokea mpira kutoka kwa mdakaji. Akatazama mbele. Akarusha tena.

Mkono wangu ulikaa hewani, kisha nikaushusha taratibu, nikauweka juu ya mshipa wangu. Ulikuwa unanguruma. Mpira ukafuata mpira, mingine imenyooka, mingine ikijipinda mwishoni kama inayobadili mawazo, na uso wa mjukuu wangu nikauona wa upande tu, mpaka mwisho. Mama Furaha alinipa leso. Sikujua nimelowa ndevu.

Kuna timu ndogo iliyomwita, akaende kambini majira ya kuchipua. Zuhura alimfungashia mablanketi kama anaenda vitani. Mimi bado niko mashineni, na nitakuwepo mpaka Mola atakapopanga vingine. Sasa ananichukua basi dogo la wagonjwa, na dereva wake anapenda mazungumzo. Nina uzito mzuri. Viatu vinaingia.

Jumanne baada ya Buffalo, dada alipokuwa bado ananifunga bandeji, Bwana Earl alikwisha kugeuza kichwa kwenye mto.

"Haya, sema. Kasi gani?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza! Umeenda mpaka Buffalo hukuuliza kasi?" Akafikiri kidogo. "Alikutazama mara ngapi?"

"Hata mara moja," nikasema.

Bwana Earl alicheka mpaka mashine yake ikapiga king'ora, na dada akaja mbio.